Shimo Jeusi la Pili

Mimi ni Mama Zaina wa Kampemba. Nadarizi kofia na kanzu, na sitaficha: kwa mkono hakuna anayenifikia mtaani kwetu. Maharusi wanatoka mpaka Kasungami kunitafuta. Majivuno hayo nusura yanipofushe.

Ilianza na kiu. Nakunywa ndoo, nakojoa ndoo. Chooni sisimizi walijaa pale nilipokojoa, nami nikawafagia tu. Nikakonda, nyayo zikawaka moto. Kisha jicho la kushoto likaingia ukungu. Kwetu jicho likisumbua, unatiwa maziwa ya mama. Jirani yangu alikuwa ananyonyesha, akanikamulia matone asubuhi na jioni, wiki mbili nzima. Jicho likanata, ukungu ukabaki. Nikawa nadarizi kichwa upande, wala sikumwambia mtu. Fundi kipofu nani atampa kazi?

Siku moja binti yangu Zaina, wa miaka tisa, akatoka shule na mchoro wa anga: nyota, sayari, na shimo jeusi linalomeza hata mwanga.

"Madame amenipatia kumi juu ya kumi, Mama!"

Nikajaa fahari. "Muzuri sana! Lakini juu ya nini umechora mashimo mbili?"

"Haiko mbili, Mama. Iko moja tu, hapa pa kona."

"Na hii ya katikati?"

"Pa katikati iko jua. Nilipaka manjano."

Nikawaka. "Unanibishia? Ni mi nilikuzala!"

Hakurudi nyuma. Akaipindua karatasi upande usio na mchoro, shimo likabaki palepale katikati. Akaiweka chini, akasimama mbele yangu. Shimo likamkaa usoni. "Ziba jicho moja, Mama." Nikaziba la kushoto. Uso wa mwanangu ukarudi wote. Wee! Kumbe shimo lilikuwa ndani ya jicho langu.

Kesho yake hospitali. Daktari akasema: "Mama, sukari iko mingi sana. Imepasua mishipa nyuma ya jicho, damu imevuja. Ungekawia, hata la kulia lingeenda. Na ile maziwa, acha kabisa!"

Nikauliza neno moja tu: "Nitadarizi tena?"

"Tutajaribu."

Nilichomwa sindano ndani ya jicho lenyewe. Sikusikia maumivu, lakini kwa woga nilijikojolea, na sioni haya kusema. Insulini najichoma tumboni mpaka leo. Bukari, ugali wetu, nimepunguza, vinywaji vya sukari nimeacha. Mwezi wa nne wa matibabu lile shimo likawa dogo kama punje ya mtama. Nikashika sindano yangu ya kazi, nikatunga uzi mara ya kwanza tu. Nikapiga vigelegele peke yangu, majirani wakadhani kuna harusi.

Alhamdulillahi, na asante kwa madaktari wangu. Wewe mwenye kiu isiyokwisha, ukiona sisimizi wanafuata mkojo wako, kapime sukari. Na neno moja sijamwambia hata mume wangu: siku ile ya mchoro mkono wangu ulikuwa umeshainuka kumpiga Zaina. Yeye aliuona. Angeogopa tu, akasema, "Ndiyo Mama, iko mbili," leo ningekuwa kipofu.