Mjane aliyekaa eda chumbani kwangu, Ujiji

Wakuu, poleni na majukumu. Hili nimelificha tangu miaka ile ya wakimbizi. Leo nalitoa, na chumvi sijaongeza hata punje.

Nilikuwa kijana, naishi na mama mtaa wa Kasingirima, naandika riwaya ya upelelezi. Jambazi wangu alikuwa mwanamke: kucha nyekundu, viatu virefu, bastola kwenye pochi. Kulikuwa na shindano la uandishi, muda unakimbia, nami nilihitaji kitu kimoja tu. Chumba changu, kimya.

Ndipo akaja Bi Mwajuma.

Kanga mbili, tasbihi mkononi, sauti imetulia kama ziwa alfajiri. Alisema amevuka kutoka Burundi, mume kafia njiani, hana pa kukalia eda.

Mama alilia. Mimi nikahamia stoo, kwenye magunia ya dagaa.

(Kwa wasiojua: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonani na wanaume wa nje.)

Mtaa mzima ukamhudumia. Leo migebuka, kesho pilau. Mpelelezi mimi ndiye nilikuwa napeleka sahani hadi kwenye pazia!

Miezi miwili ikapita. Mchana mmoja, majirani wote wako ufukweni wanaanika dagaa, akaja mwanaume na baiskeli kutoka Mwandiga, hapo jirani tu.

"Namtafuta mke wangu, Mwajuma."

"Baba, haonani na wanaume," mama akamjibu. "Yuko eda."

"Eda ya nani?"

"Ya mumewe."

"Mumewe si ndiye mimi!"

Mama akafikiri kidogo. "Basi pole kwa msiba."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti: "Mwambieni asubiri, zimebaki siku sabini!"

Wakuu, Burundi hakuwahi kufika. Alikuwa kachoka kupalilia maharage.

Mume akambembeleza, akaapa atapalilia mwenyewe. Bi Mwajuma akapanda nyuma ya baiskeli, akanigeukia: "Mwanangu, chumba chako kina joto. Toboa dirisha."

Nikakimbilia daftari langu nirudi chumbani. Mama kasimama mlangoni.

"Majirani nitawaambia nini mimi? Ingia, vuta pazia, na nisikusikie."

Basi eda iliyobaki niliimaliza mimi. Wageni wakija mama anawazuia, "Amelala, maskini." Sahani zikiingia, nakohoa kwa huzuni. Riwaya ilikwisha kwa wakati.

Funzo nililopata: nilimtafuta mwanamke mlaghai kwenye viatu virefu, kumbe nyumbani kwetu walikuwa wawili, na mmoja ndiye aliyenizaa.

Haya, wewe nani alikuingiza mjini? Uwanja wenu.