Mpwa Wangu Kanikana Mbele ya Wazungu wa Sketi, Sasa Anataka Niwe Jirani Moja kwa Moja

Admin nifichie jina, maana huku Geita nikitajwa tu watu watajaa mlangoni kunisalimia. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, Msukuma, mzaliwa wa Maganzo. Shule niliishia darasa la tano, lakini mikono yangu ina digrii. Nasokota kamba za katani. Kamba yangu iliwahi kutoa lori kwenye korongo, lori limejaa mawe, likatoka kama jino bovu. Wapo wanaosema ilikuwa pikipiki. Waacheni.

Nina mpwa wangu, nimwite Minza. Mama yake, dada yangu, alifariki. Baba yake alifuata almasi hakurudi, wala dada hakuolewa kwa ng'ombe, kwa hiyo kwa mila zetu mtoto ni wa kwetu. Nimemlea tangu ana miaka sita. Mimi ndiye niliyemkalisha kwenye ngozi ya ng'ombe nikamwonyesha kulaza nyuzi pajani, unasukuma kwa kiganja kwenda mbele, unarudisha zimekuwa kamba. Kiganja chake kilivimba nikakipaka samli. Leo anasuka vikapu vya katani mpaka wageni wanamuulizia. Hapo sijakoleza chumvi hata punje.

Mwezi uliopita wazungu wanaofanya kazi migodini waliandaa sikukuu ya mababu zao. Wanajiita Wakelti, asili yao Uskoti na Ayalandi. Wakatangaza kwamba na wenyeji wanaofanya kazi za nyuzi waje na kazi zao. Minza akaalikwa, mimi nikabeba mzigo.

Njiani akaniambia, "Mjomba, nakuomba, leo usiongee sana."

"Ng'wanawane, mwanangu, kwani mimi huwa naongea lini?"

"Mjomba!"

"Haya. Leo mimi jiwe."

Jiwe lilidumu mpaka getini. Jamani, nilikuta wanaume wazima, ndevu mpaka kifuani, wamevaa sketi za mirabamiraba, magoti nje! Mmoja anapuliza filimbi zilizochomekwa kwenye mfuko uliotuna kama kiriba, sauti yake kama ng'ombe thelathini wanaodai ndama wao. Pembeni bibi mmoja wa kizungu anakanyaga gurudumu la mbao, manyoya ya kondoo yanaingia huku, kule unatoka uzi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mkalimani amweleze kwamba ufundi huo babu yangu ndiye aliyewapelekea, alienda kwa miguu akarudi na kondoo. Watu wakacheka mbavu hawana. Minza akainamisha kichwa.

Kwenye meza ya Minza alikaa mama mmoja wa Ushirombo, mtu mzima, rozari shingoni. Tukasalimiana vizuri. Nikadhani ni msukaji mwenzake.

Basi yule bibi wa gurudumu akaja, akashika kikapu, akavuta ukingo wake kwa nguvu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mkalimani akasema, "Anauliza nani amekufundisha kusokota hivi."

Minza akajibu, "Bibi yangu. Marehemu."

Bibi! Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, hata kamba ya mbuzi alikuwa anafungiwa na majirani. Nikasema, "Minza, sema kweli. Ni mimi."

Mkalimani akauliza, "Na huyu mzee ni nani?"

Mtoto hakunitazama. Akasema, "Jirani tu. Ametusaidia kubeba mzigo."

Ndugu zangu, nimewahi kufukiwa na kifusi siku mbili (sawa, ilikuwa asubuhi moja), lakini sikuumia kama siku ile. Nikaona nionyeshe ushahidi. Msokota kamba hujulikana kwa paja. Miaka thelathini katani imepita hapo, paja langu la kulia halina unywele, linang'aa kama kibuyu. Nikawatazama wale wa sketi, nikasema kama wao magoti nje, leo hapa ni ruhusa. Nikapandisha suruali mpaka juu. "Tazameni! Jirani gani ana paja hili?"

Wazungu wakapiga makofi. Mama wa Ushirombo akapiga yowe, "Mayu wane!" akajifunika uso kwa kitenge, akatimua mbio karibu aangushe gurudumu.

Minza akaninong'oneza huku analia, "Mjomba umeniua. Yule ni mama yake Paulo."

Paulo ndiye mchumba wake. Mnaojua ukwe wa huku mmenielewa. Mkwe hata mkeka mmoja hamkai, sembuse kumwonyesha paja! Na mimi hakuna aliyeniambia kama ni yeye.

Baada ya siku tatu Minza akaja, akapiga magoti. "Mjomba, nimewaambia kina Paulo yule waliyemwona hakuwa mjomba wangu. Mama Paulo amesema kama ni jirani mwenye wazimu, basi ukwe haujavunjika. Ndoa inaendelea."

"Na mjomba wako yuko wapi?"

"Nimesema anaumwa, yuko Buseresere. Mjomba Masanja atakaa badala yako."

Masanja! Binamu yangu, mtu ambaye hata kamba ya kiatu anafungiwa na mkewe. Huyo ndiye amshike mwanangu mkono amkabidhi kwa wakwe?

Nikamuuliza, "Ulinikana kabla sijapandisha suruali. Ile ilikuwa ya nini?"

Akasema, "Mjomba, wewe hata ukisema kweli hakuna anayejua kama ni kweli. Niliona aibu."

Tangu siku hiyo katani imelala pale, siigusi. Nikijitokeza kwamba mjomba ni mimi, ndoa imekufa na mtoto atanichukia. Nikinyamaza, nitakuwa jirani mpaka kaburini, na watoto wake watanisalimu kama mpita njia. Mke wangu anasema ninyamaze, mtoto aolewe. Moyo unakataa.

Wakwe wanakuja kumchukua Jumamosi. Nyie mliowahi kulea mtoto wa ndugu, niambieni bila kunicheka: nikakae kwenye nafasi yangu, au nijifungie ndani mpaka waondoke naye?