Karani Anayeulizia Shingo ya Korongo

Saa moja na nusu asubuhi simu inalia katika ofisi ya chama cha utafiti wa ndege mjini Yambol. Snezhina Gerova, karani, anaipokea kabla hajavua koti.

"Nimemwona!"

"Babu Penyo, mwaka jana pia ulimwona. Akawa koikoi."

"Mwaka jana kulikuwa na ukungu, binti."

"Ulichoshwa na uzi tu."

Kila tarehe mosi Machi watu wa huku hufunga mkononi uzi mwekundu na mweupe, na hawaufungui mpaka wamwone korongo wa kwanza anayerudi baada ya majira ya baridi. Waasisi wa chama, walimu wawili na fundi wa reli, walianzia hapo mwaka 1964. Ili kujua korongo wamerudi lini, waliwauliza wanavijiji swali moja: uzi umeufungua lini?

Kasoro ya swali hilo Snezhina, 57, anaijua vizuri. "Mtu akitaka kuufungua, kila mwenye miguu mirefu ni korongo," anasema.

Mwaka huu kuna zaidi ya tarehe. Vuli iliyopita chama kilihamisha kiota kijijini kwa Penyo, kutoka nguzo ya umeme hadi nguzo mpya ya mbao. Kampuni ya umeme ilitoa sharti: korongo wakikikataa hadi mwisho wa Machi, viota vingine kumi na kimoja vilivyo juu ya nguzo zake za umeme bondeni vitabomolewa. Leo ni tarehe 28.

"Alivyokuwa anaruka, shingo aliikunja au aliinyoosha?" anauliza Snezhina. Koikoi huikunja.

"Aliinyoosha kama fimbo. Na miguu myekundu! Sasa yumo kiotani juu ya nguzo mpya, anagonga mdomo, mke wangu anafikiri redio imeharibika."

"Hebu toa simu dirishani."

Snezhina anafumba macho. Ta-ta-ta-ta, kavu, kama mbao zinazogongana. Koikoi hawezi hivyo.

"Haya, babu. Fungua uzi."

"Nimeshaufungua wiki iliyopita. Ulikuwa unaniwasha."

Snezhina anacheka hadi anashindwa kuandika tarehe. Kisha anapiga simu kampuni ya umeme, na sauti yake inarudi kuwa ya kiofisi.

Anataka viota vyote kumi na kimoja viwe juu ya nguzo za mbao kabla ya majira yajayo ya baridi. Mafundi wa kampuni wameahidi kwenda kijijini kesho kuthibitisha.

Uzi wake bado uko mkononi.

"Nimemsikia, sijamwona," anasema. Jumamosi atapanda basi la kwanza kwenda kwa Penyo.