Mlango wa Dereva

Mtaa mzima ulimcheka. Seremala kufufua gari, jamani! "Kitinda, hilo utalipigia msumari au utalipaka vanishi?" waliuliza waliopita nyuma ya ua. Naye, amelala chali chini ya bodi la gari, miguu tu ndiyo inaonekana, aliwajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ulimi anao, huyo. Lakini usidhani alikuwa na raha. Bodi lenyewe lilikuwa limekaa juu ya matofali miaka nenda miaka rudi, halina mlango, halina kiti, halina hata waya mmoja, kuku wanataga kwenye buti. Na mfukoni mwa Kitinda hamkuwa na pesa ya gari. Mlikuwa na pesa ya msasa.

Lilikuwa gari la marehemu baba yake, dereva wa teksi, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua Kitinda akiwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Mama aliachiwa watoto na gari, basi. Akaliuza kipande kipande: magurudumu yakawa kodi ya nyumba, injini ikawa ada ya shule, viti vikawa sare na viatu, milango ikaliwa mmoja mmoja. Kufa kufaana, gari lile lilikufa likawalea. Lilipobaki gofu tupu, mama alikataa katakata kuliuza.

Sasa mama mwenyewe alikuwa anaondoka vilevile, kipande kipande. Kwanza yalimtoka majina ya majirani, halafu njia ya sokoni. Kisha asubuhi moja akamtazama kitindamimba wake, yule aliyemdekeza mpaka dada zake wakalalamika, akasema, "Karibu, fundi. Umekuja kutengeneza nini?"

Kitinda alicheka, akasema amekuja kutazama meza. Kisha akaenda nyuma ya bafu akalia. Mtu mzima na ndevu zake! Lakini kuna uchungu gani unaozidi huo, niambie?

Ndipo lilipomwingia wazo. Alichokiuza mama kipande kipande, yeye atakirudisha kipande kipande. Mama akiliona gari limesimama zima, huenda na akili itarudi, amwite tena "Kitinda wangu", japo mara moja. Gari lilikuwa njia tu ya kufikia hapo. Akakwangua kutu mpaka kucha zikawa nyekundu. Akaziba matundu kwa bati la madebe, akachonga viti kwa mabaki ya mbao za kazini, mkewe akavishonea vitambaa. Mama aliwekewa kigoda uani, akashinda anatazama. "Fundi huyu ana mkono mzuri," alimwambia mkamwana wake.

Mlango wa dereva aliukuta kwa muuza vyuma chakavu, nyuma ya lundo la mabati. Milango ya namna hiyo iko mingi, lakini mpini wa kuzungushia kioo ulikuwa umefungwa kishikio cha kifuniko cha sufuria. Kitinda alikitambua. Kifuniko chenyewe bado kiko jikoni kwao, na katikati kina kizibo cha chupa. Baba alikwanyua kile kishikio bila kuomba, na mama akamnunia wiki nzima. Kitinda alilipa bila kubishana bei, akaubeba ule mlango kichwani mpaka nyumbani.

Alipomaliza kuukaza kwenye bawaba, jioni ilikuwa imeingia. Akausukuma. Kacha! Haukushika. Bila hata kufikiri akaugonga kwa nyonga. Ndu! Ukashika. Akabaki amesimama palepale, maana hivyo ndivyo baba alivyoufunga kila siku alipotoka kazini.

Jikoni sufuria ikalia. Mama akatoka, kanga ameifunga vizuri, anatembea wima jinsi ambavyo hajatembea siku nyingi. "Umechelewa, baba watoto," akamwambia Kitinda. "Maji ya kuoga yameshapoa."

Tangu siku hiyo mama akaanza kula. Akachana nywele, akacheka. Lakini jioni ilipofika alikaa kimya akitegea sikio uani, na pasipolia kacha na ndu, chakula hakigusi. Mke wa Kitinda hakustahimili. "Mwenzangu, ung'oe mlango ule. Kila jioni unamwita marehemu, na mimi sasa sijui ninalala na nani humu ndani."

"Anakula," Kitinda akajibu. "Mwache ale."

Ila na yeye alikuwa anaogopa. Alianza kukohoa kabla ya kuingia ndani, kama alivyofanya mzee. Akitazama kwenye kioo cha pembeni alichokibandika mwenyewe, aliona uso wa ile picha ya baba iliyoko sebuleni. Akawa hapendi kukitazama.

Rangi ya mwisho ilipokauka, gari lilisimama uani zima kwa macho, injini ndiyo halina. Kitinda akapiga moyo konde. Akamshika mama mkono, akamkalisha kiti cha mbele, yeye akakaa kwenye usukani.

"Mama," aliita. Mama hakugeuka. Mwanawe akamsogelea. "Kitinda unamkumbuka?"

"Kitinda nimsahau?" Mama akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Si yuko shule! Mwanao yule, sukari yangu yote inaishia kinywani mwake."

Kitinda alifurahi, na papo hapo furaha ikamkata kama kisu. Jina lake alikuwa amelisikia, lakini limepita pembeni yake likaenda kwa mtoto mwingine.

Mama akakipapasa kiti, akanyoosha mkono mbele ya Kitinda akakigusa kishikio kile cha sufuria mlangoni, akatabasamu. Kisha akashusha sauti.

"Ila baba watoto, yule fundi wako. Kijana wa watu anashinda hapa kutwa, jua linazama bado yupo, hata kwao hakumbuki. Leo akija mlipe chake, umwambie aende nyumbani. Mama yake atakuwa anamsubiri, maskini."

Kitinda aliukamata usukani kwa mikono miwili.

"Nitamwambia," akasema.