Karai Lililoelea

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sioni kwa nini nifiche. Ukija kwangu Mlabani, huondoki kabla sijakusimulia habari za karai. Miaka yote lilikaa nyuma ya nyumba, limefunikwa juu ya matofali ili mvua isilijaze. Chuma kitupu, jeusi, lina masikio mawili, na ni pana kiasi kwamba wanawake wawili wakilibeba lazima wapumzike njiani. Ndoa, msiba, ubatizo, kipaimara, kuanzia Mlabani mpaka Kibaoni, kamati ya chakula ikikaa swali la kwanza lilikuwa, "Karai tumeshaomba?" Mchele unaulizwa baadaye.

Na karai halikutoka bila mimi. Ukiliazima, umeniazima na mimi, maana chuma kile kikishika moto hakisamehi, na mtu asiyekijua atawapa wageni ukoko. Nilikuwa nafika alfajiri na mwiko wangu, nafunga kanga kiunoni, nawapangia wenzangu kazi. Wengine walinung'unika kwamba nina amri kuliko mwenye shughuli. Ni kweli, ninayo.

Kingine ninachokipenda ni kujua vitu vimetoka wapi. Vitu tunavyovishika kila siku vina vituko, sema hatuviulizi. Debe tunalopimia mpunga lilikuja mjini limejaa mafuta ya taa, mafuta yakaisha, mpunga ukarithi chombo. Kengele ya shule niliyosoma ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, nasi tulikipiga bila kuwaza kwamba wenzake wamelala chini wanabebeshwa treni. Hata mboga tunayoiita chainizi, jina lenyewe linakuelekeza kwa nani ukaulize. Ukinipa nafasi naongea mpaka chai ipoe.

Lakini hakuna kilichofikia karai. Hadithi yake niliinyonya na maziwa. Reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa, Wachina walipiga kambi huku bonde la Kilombero, na babu yangu alikuwa kibarua wa jikoni kwao. Masika yakaja yale ya kwetu, yasiyobisha hodi. Maji yakaingia kambini, yakabeba kuni, yakabeba magunia, yakabeba na karai kubwa la kupikia. Chuma kizito, lakini kwa kuwa lina tumbo, likaelea. Mpishi wa Kichina akashika kichwa, watu watakula nini? Babu akavua shati, akajitupa majini, akalifukuza karai mpaka akalishika. Kurudi kwa kuogelea akashindwa, mkondo ulikuwa mkali. Basi akapanda humo ndani, akakaa, akaokota ubao, akapiga kasia. Wachina wanatazama, wanamwona kibarua wao anarudi amekaa kwenye karai utadhani yumo mtumbwini. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walipomaliza kazi na kuondoka, mpishi yule hakujua maneno mengi ya Kiswahili. Alilisukuma karai mpaka miguuni kwa babu, akasema, "Mtumbwi wako."

Mimi hadithi hii nikiisimulia nasimama. Nampigia mtu na kasia hewani.

Kijana mmoja wa redio ya hapa kwetu akasikia habari zangu, akaja na kinasa sauti. Ana kipindi cha vitu vya zamani. Nikavaa kitenge kipya, kana kwamba redioni wataniona. Nikamwaga hadithi yote, nikaligonga karai kwa mwiko ili wasikilizaji walisikie lilivyo na sauti. Kilipotangazwa niliongeza sauti ya redio mpaka majirani wakanipigia kelele. Mama yangu, ambaye ninakaa naye, mzee lakini masikio yake mazima, alikuwa anapepeta mchele. Alizidi kupepeta kwa nguvu. Nikadhani ni furaha.

Haikupita muda, bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja mtu mzima, amevaa kanga mbili safi na rozari shingoni, kwapani ameshika jogoo mwekundu.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwizi wangu."

Weee! Damu ilinipanda. Mwizi? Nyumbani kwangu, majirani wanasikia? Nikaweka mikono kiunoni nikamuuliza kama amekosea nyumba au amekosea dawa. Yeye anacheka tu. Akasema, "Ninyi Wapogoro mna hasira za karibu. Mimi Mngoni, natoka Malinyi. Nimekuja kulikomboa karai la baba."

Hapo ndipo nikajua ni utani, na hasira ikabidi niimeze. Mgeni wa mila zetu nimweleze kidogo. Zamani Wangoni walikuwa watu wa vita, na makabila mengi ya upande huu yaliionja mikuki yao. Wazee wetu wanasema utani wetu ulizaliwa humo. Watu waliochoka kupigana walikubaliana kubaki na matusi peke yake, na tusi lenyewe liwe la kuchekesha. Ndiyo maana kwenye msiba wako anayezika kwa bidii ni mjukuu wa aliyekuwa adui wa babu yako. Anakutania, anazuia jeneza, anashika sufuria jikoni anasema hampiki mpaka apewe chake. Wewe unalia na unacheka palepale. Na mtani hakasirikiwi. Alichokishika hakiwi mali yake, anakishikilia tu. Kikija kukombolewa, unakitoa.

Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia kwa upole wa kujilazimisha, "Mama, karai hili ni la babu yangu. Redioni hukusikia?"

"Nimesikia. Nimesikia mtu anasimulia habari za baba yangu, maji, ubao, Wachina wanacheka, neno kwa neno. Halafu anamwita babu yake!" Akageuka upande wa nyuma ya nyumba, ingawa karai hawezi kuliona alipokaa. "Lile pengo bado lipo? Ukingoni, karibu na sikio? Mkondo ulilibamiza kwenye jiwe baba akiwa ndani."

Pengo lilikuwepo. Redioni sikulitaja, maana pengo ni dosari, na mimi dosari sizitangazi.

Nikamwita mama. Akaja taratibu, akasalimiana na mgeni kwa kumuuliza kama Wangoni wameshajifunza kunawa mikono, wakacheka wote wawili. Kisha akaniambia, kikavu kabisa, "Ni kweli. Baba yake huyu alipofariki, bibi yako alikwenda msibani kama mtani. Akalishika karai jikoni, akasema hampiki mpaka nipewe jogoo. Jogoo hakupatikana siku ile, akalibeba mpaka nyumbani."

"Mama! Na babu?"

"Babu yako alikuwa hajui kuogelea. Maji ya magotini tu alikuwa anamwita Bikira Maria."

"Sasa mbona miaka yote umenyamaza?"

"Bibi yako alikuwa akipika anasimulia habari za mwenye karai, kwa heshima. Ninyi watoto mkajichukulia kuwa ni babu yenu. Mlikuwa mnajua sana, ningewaambia nini?"

Basi nikakaa chini. Hadithi ilikuwa ya kweli yote, tangu maji mpaka kasia, ila babu hakuwa wetu. Yule mama akaeleza kwamba baada ya mazishi mama yao aliwachukua wakiwa wadogo akarudi nao kwao Malinyi. Mto ulikuwa umejaa, na miaka ile kuvuka Kilombero bila daraja kulitaka moyo. Baadaye wakasikia bibi yangu amefariki, na karai wakaliacha kwa Mungu. Sasa mjukuu wa huyu mama anaoa. Alipokuwa anafikiria sufuria za kukodi, redio ikaligonga karai la baba yake. "Nililijua kabla hujasema kitu," akaniambia. "Lile ndilo lilikuwa linatuamsha asubuhi."

Akanyoosha mkono na jogoo.

Nitasema ukweli, sikutaka kumpokea yule jogoo. Mimi sina duka, sina cheo, sikusoma sana. Mlabani nikipita watu wananipisha kwa sababu ya karai. Likienda, kamati zitakodi masufuria ya alumini na kuita kijana yeyote mwenye jiko la gesi, na mimi nitakaa uani kama bibi aliyestaafishwa. Niliwaza kubisha. Niliwaza kusema miaka imepita, kilicholelewa kwangu ni changu. Mama akanitazama, akasema polepole, "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Nikampokea jogoo. Akanidonoa, tena kwa nguvu.

Mgeni alikuwa ameshatafuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikaletwa. Majirani wakajaa, maana habari Mlabani haina miguu lakini inatangulia. Vijana wakaligeuza karai, wakalitoa uani, wakaliweka chini nyuma ya gari wapumue kabla ya kulipandisha. Nikaliangalia limelala pale wazi, mdomo juu, pengo lake linaonekana na kila mtu. Hapo kitu kikanijia, sijui ni bibi yangu alinisukuma. Nikakusanya kanga yangu, nikaingia ndani ya karai, nikakaa.

"Haya, pandisheni," nikasema.

Vijana wakaduwaa. Mtoto wa jirani akaanza kucheka. Mimi nimekunja mikono. Nikamwambia yule mama, "Mtani, karai umelikomboa, jogoo nimempokea, sina neno. Lakini mimi niliyemo humu hukunikomboa. Jogoo mmoja, kitu kimoja. Lete mwingine au niache hapahapa."

Alinitazama. Nilitegemea acheke, na watu wote walikuwa wanacheka, mama yangu ameshika mlango asianguke. Yeye akasogea, akashika ukingo wa karai, palepale penye pengo, akasema, "Baba alikuwa anakaa hivyohivyo akituonyesha. Na mikono ameikunja hivyohivyo." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akapata sauti yake. "Jogoo wa pili sina. Wewe mwenyewe ni mzito, utanimalizia mabanda ya kuku ya Malinyi nzima. Chukua mwiko wako twende."

Nikachukua mwiko. Kirikuu ikatubeba wote, karai nyuma limefungwa kamba, mimi na jogoo wangu mbele, maana kumwacha nilikataa, ni ushahidi. Tulipofika daraja la Kilombero yule mama alimwomba dereva apunguze mwendo. Maji yalikuwa mengi chini, rangi ya chai ya maziwa. Akasema baba yake angekuwepo angetaka kuvuka kwa karai, aliache daraja kwa waoga.

Nilipika ndoa ile. Weka mbali kujisifu, ingawa sijui kuweka mbali, pilau ile ilitajwa siku nyingi baadaye. Nilikuta ndugu zao wamejipanga kulitazama karai kabla sijaliweka mafigani. Wazee wakaligusa, watoto wakapimana nani anatosha humo. Mtu wa kusimulia alipotakiwa, yule mama alinionyesha mimi. "Huyu mwizi anaijua kuliko sisi," akasema. Nikasimama katikati ya uwanja wa watu wenyewe, nikasimulia habari za baba yao mbele yao. Safari hii nilisema baba yako, babu yenu. Nilipofika kwenye kasia sauti ikatoka kubwa kuliko ilivyowahi kutoka. Sijawahi kujivuna vile nikiwa na karai langu mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka nililisugua kwa mchanga na majivu, nikalipaka mafuta, nikaonyesha wasichana wa pale namna ya kulifunika. Nilikuwa najitahidi nisiliangalie sana. Yule mama akanisindikiza mpaka barabarani. Tukatukanana kidogo kama inavyopasa, nikamwambia Wangoni wanakula kama wanakimbizwa, akaniambia Wapogoro tunaongea mpaka maiti inaomba kuzikwa haraka. Kisha akanishika mkono, hakucheka.

"Sikia, mtani. Siku yangu ikifika, watakupigia simu. Usiniletee rambirambi. Uje jikoni ulishike karai, usiwaache wapike mpaka wakukasirikie. Na wakikuletea jogoo, mkatae. Ondoka nalo. Nimeshawaambia wanangu."

Tusi zuri nilikuwa nalo tayari, nikaliweka kwa siku hiyo. Nilimkumbatia tu.

Sasa matofali nyuma ya nyumba hayana kitu, na jogoo yule mwekundu hulala juu yake, amekuwa mkubwa wa uani na hachinjwi. Wageni wakija nawaonyesha matofali na jogoo, nawasimulia yote mpaka mwisho, na hadithi imekuwa ndefu zaidi. Wananiuliza kama nalitamani. Haki ya Mungu, nalitamani. Hakuna shughuli nitakayopika nisilikumbuke. Lakini kila Jumapili kanisani nikipiga magoti, ombi langu la kwanza ni moja: Mungu anicheleweshee siku ile ya mtani.