Mikono ya Nyanya

Mtu aliyeanza na gunia moja la miraa pale Kangeta, na leo ana malori matatu, hashtuliwi na kitu. Hivyo ndivyo nilivyojisifu mpaka juzi, binti yangu mwanajeshi alipotoka vitani mpakani akaweka begi lake sebuleni. Lilinuka mafuta ya bunduki, sawasawa na sanduku la nyanya yangu.

Nilikuwa mdogo, nimekaa jikoni, moshi unaniuma macho. Mama alikuwa amejifungua dada yangu, akamnyooshea nyanya mtoto. Nyanya akaficha mikono nyuma.

“Kwani mtoto anauma?” mama akamtania.

“Nilipigana msituni, nikaua. Wanaume niliotoka nao walichinjiwa kondoo, wakatakaswa damu waliyomwaga. Mimi wazee walisema nilikuwa mpishi tu, hawakunitakasa.”

“Basi mpishi abebe mtoto.”

Nyanya hakucheka. Hakumbeba, na hata mimi hakuwahi kunibeba. Miaka yote nilidhani hanipendi.

Juzi mke wa kijana wangu alimletea binti yangu mtoto wao. Binti akarudi nyuma hatua moja, mikono mfukoni.

“Baadaye, wifi,” akasema.

Sisi ni watu wa kanisa, matambiko hatufanyi, na sikuthubutu kumwuliza alichofanya huko. Lakini nilitoka nje nikampigia mchuuzi wa mifugo wa Gachoka, alete kondoo dume siku hiyo hiyo. Alisikia nina wasiwasi, akapandisha bei. Mimi ninayejulikana soko zima kwa kubishana nililipa bila neno: shilingi elfu kumi na nane, mia nne na hamsini.