Mkaguzi wa Kifusi

Kila tukimaliza kushindilia tabaka la kifusi kwenye barabara hii ya Habaswein, mkaguzi hupiga magoti, huchimba kishimo na kuufinya udongo kiganjani. Usiposhikamana, husema neno moja tu, "Rudieni," bila kupaza sauti, kisha hujipangusa mikono kwenye suruali. Ndiyo maana hakuna anayekaa naye wakati wa chakula. Hula kando, kwenye kivuli cha lori la maji ya kulowesha kifusi, akitazama nyika.

Juzi mama mmoja mfugaji alilisimamisha lori hilo, mbuzi wake wakihema. Mkaguzi akafungua bomba mwenyewe, wakanywa mpaka wakatosheka. Maji yakatupungukia, udongo ukawa mkavu, na jioni akapiga magoti kama kawaida. "Rudieni." Tulimtukana kwa lugha zetu zote. Akajipangusa mikono tu.

Leo mama yule amekuja na kidumu cha maziwa. "Ile mzee ya mchanga jina yake nani?" akatuuliza. "Nataka kumuombea dua." Tukatazamana. Mbele kule mkaguzi alikuwa amepiga magoti peke yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jina lake.